Kijiti cha Thirza Pettit

Siku aliyoambiwa kwamba amekwisha kufa, Thirza Pettit alikuwa amekaa mlangoni kwao, mto wa lesi magotini, akihangaika na kazi ambayo mama yake hakuweza tena kuimaliza.

Mama yake, Dinah, alikuwa ndani, kwenye kiti cha kando ya meko. Baada ya Pasaka kiharusi kilimwangusha akichota maji kisimani. Kilimpooza mkono na mguu wa kulia, na maneno yake kikayavuruga kama kikapu cha vifungo kilichomwagika sakafuni. Kusema alisema, tena kwa sauti yake ileile, ila kilichotoka hakikuwa alichokusudia. Akitaka chai aliomba ngazi. Akitaka afunikwe miguu alisema, "Jumamosi." Thirza akimletea kitu sicho, mama alijipiga paja kwa mkono mzima na kusema, "Mkate, mkate, mkate," huku machozi yakimtoka, na Thirza akabaki amesimama na kikombe, hajui kama mkate ni mkate.

Lesi aliyokuwa akiifuma Dinah iliagizwa kwa gauni la bibi harusi mmoja wa mjini Buckingham, na mnunuzi alikwisha kupita mara mbili kuuliza. Ikabidi Thirza akae kwenye mto wa mama. Yeye alianza kufuma akiwa mtoto mdogo, kama wanawake wote wa kijiji cha Hanslow, na mto wake mwenyewe aliujua kama ulimi unavyoyajua meno. Lakini mto wa mtu mwingine ni jiko la mtu mwingine. Umeshindiliwa nyasi kavu kwa namna nyingine, ngozi ya mchoro, ile inayochomekwa pini, imetobolewa kwa mkono mwingine, na vile vijiti vinavyoning'inia pande zote, kila kimoja na uzi wake, vimepangwa kwa akili ya mwenyewe. Thirza alivitambua baadhi kwa shanga zilizofungwa mkiani kuvipa uzito. Vya mti vilikuwa vitupu. Vya mfupa vilikuwa na maandishi, vitone vyekundu na vyeusi vilivyotobolewa kwa keekee, vikipanda kwa kuzunguka kama mmea utambaao nguzoni. Kusoma hakujua. Alijua tu kwamba hiki chenye shanga ya kijani kilitolewa kwenye harusi ya fulani, na kile cheusi kinamtaja yule mwanamume aliyenyongwa Aylesbury kwa kumwua mkewe, ambacho mama alipenda kukitumia akiwa na hasira.

Asubuhi ile aliufungua mto nyuma ili aushindilie upya, akakuta chini ya kitambaa kijiti cha mfupa asichopata kukiona. Hakikuwa na uzi. Kilifungwa kwa utepe, na shanga zake zilikuwa za buluu, ndogondogo, za kitoto.

Basi alipomwona Enos Gudgin akija njiani na sanduku lake begani, akamwita. Enos ndiye aliyechonga vijiti kwa vijiji vyote vya upande ule, kama baba yake kabla yake. Alikuwa mwanamume mkubwa, mpole, mwenye vumbi la mifupa kwenye nyusi, aliyesema polepole kana kwamba kila neno naye analitoboa.

"Nisomee hiki," Thirza alimwambia. "Kimekuwa nyuma ya mto wa mama."

Enos alikipokea, akakisogeza juani, akaanza kukizungusha. "Hii kazi ya mzee wangu," alisema. "Tazama hii herufi, imegeuka nyuma mbele. Aliiandika hivyo mpaka anakufa, na huwezi kumwambia kitu." Akazungusha tena.

"Kinasemaje?"

"Kwani wewe jina lako nani?"

"Enos, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Nauliza tu."

"Thirza Pettit. Ulitaka niwe nani?"

Enos alimtazama, akatazama kijiti, akamtazama tena. "Basi hapa pameandikwa umekufa," alisema.

Mlango wa pili, Bi Hepzibah Warr naye alikuwa amekaa na mto wake. Hepzibah alikuwa mjane mwenye masikio ya paka na ulimi usiokaa njaa. Alicheka mpaka vijiti vyake vikagongana. "Ndiyo maana," alisema. "Mama yako amelalamika miaka yote, mtoto huyu kitandani miguu baridi kama chura. Kumbe maiti. Enos, keti mbali, usije ukachukuliwa."

"Soma yote," Thirza alisema.

"Thirza Pettit amekufa Agosti 1822 umri miaka mitatu." Enos alikisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akisita kila neno. "Na mzee wangu alikosea mengi, lakini hilo neno la kufa hakulikosea. Ndilo watu waliloagiza zaidi."

Kicheko cha Hepzibah kilikwisha. Aliinamia pini zake, akaanza kuzihesabu, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja.

"Bi Hepzibah."

"Abee, mwanangu."

"Huyu ni nani?"

Hepzibah aliziacha pini. "Ni dada yako," alisema. "Alikuwapo Thirza kabla yako. Homa ya koo ilimchukua majira ya mavuno, miaka thelathini sasa. Wewe ukazaliwa baadaye, wakakupa jina lake. Hakuna la ajabu. Hapa Hanslow wamo watu wangapi wanaovaa majina ya ndugu zao waliokufa? Mimi mwenyewe ni Hepzibah wa pili. Wa kwanza alikuwa na macho mazuri, nilisimangwa naye mpaka nikaolewa."

Lilikuwa jibu zuri, lenye kutosha, na Thirza alilishika kwa mikono miwili. Alimshukuru Enos, akaurudia mto. Lakini alipokwisha kuchomeka pini chache jambo moja likamrudia. Mama alimwambia siku zote kwamba alizaliwa mwaka aliokufa mfalme mzee, kengele za kanisa zikilia. Naye mfalme mzee alikufa 1820. Hilo hata watoto walilijua. Kama yeye alizaliwa 1820, na Thirza wa kwanza akafa 1822, basi walikuwapo wote wawili pamoja, Thirza na Thirza, wakila bakuli moja. Mama gani huita watoto wawili jina moja na wote wanamwitikia?

"Mama yako hakuwa hodari wa miaka," Hepzibah alisema alipoulizwa. "Na mimi kiangazi kile sikuwapo. Nilikuwa mtumishi kwa watu Olney. Nimerudi sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, Septemba ikiisha, nikamkuta Dinah na mtoto mapajani, nikaambiwa huyu ndiye Thirza. Nikasema, karibu Thirza."

"Mtoto mchanga?"

Hepzibah alifikiri. "Alikuwa amefunikwa," alisema.

*

Jumapili Thirza alimwacha mama kwa Hepzibah, akashuka mpaka mferejini kwa ami yake Job. Job Pettit alikuwa kaka wa marehemu baba yake Amos, na alikuwa mlinzi wa lango la maji, yale malango mawili yanayopandisha na kushusha mashua za makaa. Alizeeka akiyasukuma, mpaka mwili wake ukabaki umeinama mbele hata pasipokuwa na kitu cha kusukuma. Yeye na Dinah hawakusemeshana kwa sababu ya nguruwe, na habari ya huyo nguruwe ilikuwa ndefu kiasi kwamba hakuna aliyeijua mwanzo wake.

Thirza alimweleza. Job alisikiliza huku anakwangua kiko chake.

"Hepzibah amekwambia wewe ni mdogo wake," alisema.

"Ndiyo."

"Hepzibah alikuwa Olney."

"Ndivyo alivyosema mwenyewe."

"Amos alikufa Krismasi mbili kabla ya Agosti hiyo," Job alisema. "Alianguka kutoka kwenye paa la ghala. Mimi ndiye niliyembeba. Sasa nieleze, binti, mwanamume aliyezikwa Krismasi azae mtoto mwaka wa pili baadaye?"

Thirza alikaa kwenye boriti ya lango, akatazama maji yanavyoshuka.

"Wewe ulitoka hapa," Job alisema, akanyoosha kiko kuelekea mfereji. "Ilikuja mashua ya makaa, mvua inanyesha siku ya tatu. Mwanamke alikuwa amelala chini ya turubai, homa imemshika hajijui. Mumewe alikuwa na watoto wengine wawili na farasi kilema wa kuvuta mashua. Mmoja wa watoto alikuwa kasichana kanakotembea. Dinah alikuja kuniletea chakula, siku hizo tulikuwa bado tunasemeshana. Alikuwa amemzika Thirza hata majani hayajaota. Alikaona kale kasichana kamesimama matopeni, hakana viatu. Akamwambia yule bwana, nipe nimkaushe, utamchukua ukirudi kutoka London."

"Akarudi?"

Job aliweka kiko mdomoni, hakukiwasha. "Wengine wanasema alirudi. Mimi sikumwona. Mashua zote zinafanana, Thirza, na nyuso zote zina makaa."

"Niliitwa nani?"

"Zila. Au Sela. Au ni yule mwingine aliyeitwa hivyo." Alikunja uso kwa juhudi ya kukumbuka. "Ulilia usiku mzima ukilitaja jina la farasi. Hilo nalikumbuka. Farasi aliitwa Kapteni."

Thirza alipanda kurudi nyumbani akijihisi amekwenda kuchota maji kwa ndoo na kurudi na bahari. Alijaribu kumkumbuka farasi. Akamwona vizuri kabisa, mweusi, na baka jeupe puani. Halafu akatambua kwamba huyo ni farasi wa mwoka mikate. Alijitazama mikono. Ilikuwa mikono mirefu, na ya mama ilikuwa mifupi, lakini alisikia daima kwamba mikono mirefu ni ya Amos. Nani alimwambia? Mama.

"Job amemchukia mama yako tangu yule nguruwe," Hepzibah alisema aliposikia. "Angeweza kusema ulitoka kwenye yai. Na Amos alikufa Krismasi iliyofuata Agosti hiyo, si kabla. Nilikula kwenye matanga yake, palikuwa na maandazi ya nyama."

"Ami anasema yeye ndiye aliyembeba."

"Kubeba alibeba. Mwaka ndio aliouangusha."

Tangu hapo Thirza hakujua ashike lipi aache lipi. Alitia chumvi kwenye chai. Alifuma jani moja la lesi mara tatu, akalifumua mara tatu. Akiitwa jina lake njiani alichelewa kugeuka, kana kwamba anampisha mwenzake aitike kwanza. Usiku alilala kwenye kitanda kilekile alicholalia tangu utoto, kilicho na shimo katikati lililofuata umbo lake, na akajiuliza shimo hilo lilianzwa na nani.

Alikwenda kanisani kutafuta kaburi, lakini maskini hawakuwekewa mawe, na mchimba makaburi, kijana wa juzi, alimwonyesha kwa mkono eneo lote la ukutani. "Watoto wako huko," alisema. Thirza alisimama mbele ya nyasi zile, asijue aombe kwa kutazama upande gani, wala amwombee nani. Alihisi angalau angepaswa kumwambia Thirza samahani. Kwa lipi, hakujua.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, naye alikuwa ndani kando ya meko. Thirza alichukua kile kijiti, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama. Nani huyu?"

Dinah alikiona, na uso wake ukabadilika. Alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakibusu, akakiweka shavuni. Kisha akamshika Thirza kidevu. "Sufuria," alisema kwa upole mwingi. "Sufuria yangu."

"Ni dada yangu? Au mimi nilitoka kwingine? Nionyeshe tu, mama. Nilitoka wapi?"

Mama alielewa. Thirza aliona kwamba ameelewa. Dinah aliinua mkono mzima akanyoosha kidole dirishani, kwa uhakika kabisa. Thirza akageuka kufuata kidole. Kilielekea chini ya kilima, mahali ambapo mnara wa kanisa na mfereji vinaonekana kwa pamoja, kimoja nyuma ya kingine, katika mstari mmoja.

"Kanisani au majini?"

"Mkate," mama alisema, akaanza kulia, na Thirza akalia naye, maana hapo hata yeye alikuwa hana neno bora zaidi.

*

Enos Gudgin alianza kupita Hanslow mara nyingi kuliko biashara ilivyohitaji. Mara amesahau patasi, mara ameleta shanga, mara anataka kujua Bi Dinah anaendeleaje. Hepzibah alihesabu ziara zake kwa sauti. "Watu wa Olney watafuma kwa vidole mwaka huu," alisema. "Fundi wao amehamia kwetu."

Siku moja Thirza alimwambia ukweli ulivyokuwa, yaani kwamba hakukuwa na ukweli. Alimwambia anajihisi kama amevaa koti la maiti, na sasa amekua ndani yake, halivuliki.

Enos alifungua sanduku lake. Ndani yake vijiti vilipangwa kama samaki. Alitoa kimoja, akatoa kingine. "Hiki ni Eliza," alisema. "Hiki Susan. Hiki Mary, hiki Mary, hiki pia Mary. Siku za mvua nisipokuwa na oda natoboa majina. Sijui ni Mary gani. Yanakaa sandukuni mpaka anapita mwenyewe, anasema, hilo langu." Alifunga sanduku. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilimfikiria yeye."

"Lakini langu lilikuwa na mwenyewe, Enos. Na amekufa."

Enos alilisukuma sanduku kando. Alikaa kidogo zaidi, akanywa chai yenye chumvi hadi mwisho bila kusema kitu, na Thirza aligundua kosa hilo alipokwisha kuondoka.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha ndipo Thirza alipogundua jambo kuhusu mama. Alikuwa amekwama kwenye kona ngumu ya mchoro, na ili mikono isisahau alianza kuimba kimyakimya ule wimbo wa kuhesabia pini ambao watoto hufundishwa shuleni kwa mwalimu wa lesi. Akapoteza mstari. Kutoka kwenye kiti cha meko sauti ikauokota na kuendelea, maneno yote mahali pake, safi kama sauti ya msichana.

Mikono ya Thirza ilisimama. Dinah alikuwa anaimba, macho yamefumbwa, kidole kikigonga mkono wa kiti. Hakuna ngazi wala sufuria. Wimbo wa shule ulipokwisha hakunyamaza. Akaingia katika mistari ambayo Thirza hakuwahi kuisikia, mistari ambayo mwanamke hujitungia mwenyewe akiwa peke yake na mto:

*Pini ya kwanza ya aliyelala,*
*pini ya pili ya aliyekuja,*
*kaja na mvua, miguu mitupu;*
*funga mlango, mlaze palepale.*

"Mama," Thirza alisema. "Nani alikuja?"

Dinah alifumbua macho. "Kijiko," alisema.

Thirza hakuthubutu kubaki na wimbo ule peke yake. Jumapili iliyofuata aliwaita wote wawili, Hepzibah na ami Job, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu habari ya nguruwe. Job aliingia ameshika kofia, akaketi karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuondoka haraka. Thirza alianza kuimba, na mama akampokea, na mistari ile ikaja tena, mmoja baada ya mwingine.

Job alijipiga goti. "Umesikia mwenyewe. Kaja na mvua. Mtoto wa tumboni haji na mvua."

"Wangu wa pili alizaliwa mvua inanyesha mpaka mkunga akateleza mlangoni," Hepzibah alisema.

"Miguu mitupu, Hepzibah."

"Wewe ulizaliwa na buti?"

"Na huo mlango? Funga mlango ni nini?"

"Mvua, Job. Mvua ikinyesha watu wenye akili hufunga mlango."

Thirza alisikia wanavyobishana, lakini akili yake ilikuwa imekwama penye mlango. Mlango ulifungiwa mvua, au alifungiwa mtu? Alimwona mwanamume mwenye makaa usoni amesimama nje, anabisha, na ndani mwanamke amemkumbatia mtoto, amemziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaona mlango huohuo, na nje hamna mtu, ila maji ya mvua, na ndani mwanamke ananyonyesha. Picha zote mbili zilikuwa na mlango uleule, wenye ufa uleule chini. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Alitaka kushukuru, na shukrani nayo ikakosa pa kukaa.

Ghafla Dinah akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi. Alicheka akiwatazama Job na Hepzibah wanavyopandiana sauti, alicheka mpaka mdomo uliopinda ukataka kunyooka, na wao wakanyamaza kwa aibu. Akamnyooshea Thirza mkono. Thirza akaenda akakaa sakafuni karibu na miguu yake, na mama akaanza kumfumua nywele na kuzisuka upya kwa mkono mmoja, kazi isiyowezekana, nywele zikamkimbia vidoleni kila mara, naye akaanza tena bila kuchoka.

Job aliondoka kabla ya chai. Mlangoni alisema, bila kumtazama mtu, "Yule nguruwe alikuwa wangu lakini." Dinah akamjibu, "Jumamosi," na Job akaitikia kwa kichwa kama aliyepata haki yake.

*

Dinah Pettit alikufa Novemba, siku chache kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Katerina, msimamizi wa wafuma lesi, nyumba nzima ikinuka keki za mbegu za kisibiti ambazo Hepzibah alikuwa amezioka kwa ajili ya wafumaji. Alikufa mchana, amelala, kama mtu aliyeamua kutojisumbua kutafuta neno.

Thirza alifikiri kukiweka kile kijiti cha shanga za buluu jenezani. Hepzibah alisema akiweke, mtoto ni wa mama yake. Job alisema asikiweke, ndicho kitu pekee kilichobaki cha yule mtoto juu ya ardhi. Kila mmoja alisema kweli. Thirza alikitia mfukoni mwa aproni, akaenda nacho mazikoni, akasimama nacho pale kaburini akikizungusha kwa vidole, vitone vikimkwaruza ngozi, na mara mbili akautoa mkono, na mara mbili akaurudisha. Udongo ulipokwisha kujazwa alijikuta njiani anarudi nyumbani, kijiti bado kimo mfukoni, hajui kama aliamua au alichelewa.

Kama desturi, alimwagiza Enos kijiti cha mama. Enos alikuja na mfupa mweupe aliouchagua kwa muda mrefu, akakaa nao mezani.

"Niandike nini?"

"Dinah Pettit, mama yangu mpenzi, amekufa Novemba 1852."

Enos alichora kwa penseli mwanzo wa jina, akasimama. "Mama yangu?" aliuliza, si kwa shaka, bali kama fundi anayehakikisha kipimo.

"Andika," Thirza alisema, na akashangaa kwamba katika mambo yote ya mwaka ule, hilo halikumchukua hata pumzi moja. Kulea ndiko kuzaa, au kuzaa ndiko kulea, hakujali tena lipi linatangulia.

"Na umri wake?"

"Sijui. Kila mmoja ana umri wake aliompa."

"Basi tuuache."

Walioana majira ya kuchipua yaliyofuata. Kasisi alitangaza jina la Thirza Pettit Jumapili tatu, na kila Jumapili Thirza alisubiri mtu ainuke aseme kwamba huyo yuko kule ukutani tangu zamani. Hakuna aliyeinuka, ila Hepzibah alikohoa. Thirza na Enos hawakupata mtoto. Waliishi vizuri, yeye akifuma, mumewe akitoboa, mpaka mashine za Nottingham zilipoishusha thamani lesi ya mkono na vijiti vikawa vitu vya wazee. Kuna miaka ambayo Thirza aliamini mashua, na kuna miaka ambayo aliamini homa ya koo, na hakukuwa na sababu ya kubadili isipokuwa hali ya hewa au ndoto. Kiangazi alipenda kushuka mferejini kutazama mashua zikipita. Wanawake wa mashua walimtazama nao. Mara moja mmoja wao, mzee mwenye kofia nyeusi, alimtazama kwa muda mrefu mno, na Thirza akasogea mpaka ukingoni. Kumbe yule mama alikuwa anataka kuuliza maziwa yanauzwa wapi.

Alipokuwa mjane, mwenye zaidi ya miaka sitini kwa hesabu yoyote ile, alikuja bwana wa sensa na mfuko wake wa makaratasi. Alikuwa na haraka na viatu vilivyolowa.

"Jina?"

"Thirza Gudgin."

"Umezaliwa wapi, bibi?"

Thirza aliwaza.

"Weka hapa Hanslow," alisema mwishoni. "Na kama si hapa, si mbali sana na hapa. Mashua hazikimbii."

"Samahani?"

"Hapa, mwanangu. Andika hapa."

Bwana wa sensa aliandika. Akauliza umri, Thirza akampa umri mmoja, kisha akamwita alipokuwa amefika langoni akampa mwingine, na yule bwana, ambaye bado alikuwa na barabara nzima mbele yake, alisema wa kwanza unatosha.